Louis Braille: Mtoto Ambaye Familia Yake Haikumficha

Kila mwaka, tarehe 4 Januari, wakati wazazi wa Zanzibar wanapohangaikia sare, madaftari na viatu vya watoto kwa ajili ya mwaka mpya wa masomo, dunia huadhimisha Siku ya Nukta Nundu. Siku hiyo, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019, ni siku ya kuzaliwa kwa Louis Braille, Mfaransa aliyewapa wasioona maandishi yanayosomwa kwa ncha za vidole. Jina lake linajulikana duniani kote. Wasiojulikana sana ni wazazi wake, paroko wake na mwalimu wa kijiji chao. Hata hivyo, bila watu hao hatungekuwa na habari yoyote ya kusimulia juu yake.

Tumeona vema kuyaweka maisha ya mtu huyu mbele ya waamini wetu wa Pemba, na hasa mbele ya familia zinazoishi katika shehia kama Vitongoji, mashariki ya mji wa Chake Chake, ambako watu huishi kwa kilimo, uvuvi na kazi za mikono. Braille alizaliwa katika kijiji cha namna hiyo. Alikuwa Mkatoliki mcha Mungu, mpiga kinanda kanisani, na mwana wa fundi. Kabla hajawa mvumbuzi, alikuwa mtoto mwenye ulemavu ndani ya nyumba ambayo ingeweza kumficha, lakini haikumficha.

Ajali katika karakana

Louis alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, mwendo wa kilomita 40 hivi mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko na hatamu za farasi. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa kitinda mimba, mtoto wa nne, na alibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa, kama ilivyokuwa desturi ya familia za Kikristo za wakati ule.

Karakana ya baba ilikuwa hapo hapo nyumbani. Mtoto alikua akisikia harufu ya ngozi na mlio wa nyundo, akimwona baba yake akikata, akitoboa na kushona. Mwaka 1812, alipokuwa na umri wa miaka 3, aliingia humo akajaribu kufanya alichokuwa akimwona baba yake akifanya. Alichukua chombo chenye ncha kali, akakishindilia kwenye kipande cha ngozi, nacho kikateleza kikamchoma jichoni.

Wazazi walimpatia matibabu waliyoweza kuyapata. Lakini elimu ya tiba ya siku zile haikuwa na dawa za kuzuia maambukizi, na jicho lililoumia lilivimba na kuoza. Baada ya muda madhara yakahamia jicho la pili. Alipofikisha miaka 5, Louis alikuwa haoni kabisa.

Yeyote kati yetu aliyewahi kuacha panga, kisu au mbuzi ya kukunia nazi mahali ambapo mtoto anaweza kufika, anaweza kulifikiria zito lililoiangukia nyumba ile. Chombo kilikuwa cha baba, na karakana ilikuwa ya baba. Nyumba nyingi zilizopatwa na jambo la namna hii huanza kutafuta wa kulaumiwa: mama humlaumu baba, baba humlaumu mama, jirani hunong'ona juu ya laana au juu ya jicho la hasidi. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa juu ya dhambi, kama ni yake au ya wazazi wake. Bwana alilikataa swali hilo, akawaelekeza kutazama kazi ambayo Mungu angeitenda ndani ya mtu yule. Simon-René na Monique walichagua njia hiyo. Waliacha kuhesabu makosa, wakaanza kumlea.

Nyumba iliyompa mtoto kazi

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Ufaransa ilishindwa vitani, na mwaka 1814 majeshi ya kigeni yakaingia. Askari waliwekwa katika nyumba za wanakijiji, chakula na mifugo vikachukuliwa. Kwa mtoto aliyekuwa amepoteza kuona si muda mrefu, nyumba iliyojaa sauti za wageni wenye lugha asiyoielewa ilikuwa tisho kubwa. Familia ingeweza kusema kwamba haikuwa na nafasi ya kumshughulikia mtoto mmoja asiyeona. Haikusema hivyo.

Baba alimchongea fimbo, naye akajifunza kuitumia kuzunguka nyumba, kisha njia za kijiji. Alipewa kazi nyumbani kama watoto wengine. Katika karakana, mahali pale pale alipoumia, alifundishwa kusokota na kufunga nyuzi za mapambo ya hatamu. Baba alipigilia misumari kwenye ubao kwa umbo la herufi, na Louis akazijua alfabeti kwa kuzipapasa. Tukiyatazama haya kwa macho ya leo, tunaona kwamba mwalimu wa kwanza wa mtoto huyu hakuwa mtaalamu wa aina yoyote. Alikuwa fundi wa ngozi mwenye nyundo, misumari, ubao na uvumilivu.

Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio waelimishaji wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mafundisho hayo yamo katika Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, lililotolewa mwaka 1965. Kwa mtoto asiye na ulemavu, tunayakubali kwa urahisi. Kwa mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, au anayechelewa kuelewa, tunashawishika kudhani kwamba wazazi hawana la kufanya mpaka apatikane mtaalamu. Nyumba ya Coupvray inatuonyesha kwamba malezi huanza kabla mtaalamu hajafika, na kwamba kazi ndogo ya nyumbani anayopewa mtoto ni njia ya kumwambia kuwa anahesabiwa.

Paroko na mwalimu wa kijiji

Mwaka 1815 kijiji kilipata paroko mpya, Padre Jacques Palluy. Alimtambua mtoto huyu mapema, akaanza kumfundisha. Alimfundisha Katekisimu na habari za Maandiko Matakatifu, na alimzoesha kuijua dunia kwa milango ya fahamu aliyobaki nayo: kuyatambua maua kwa harufu, ndege kwa sauti, na saa za siku kwa joto la jua. Hakukoma hapo. Aliona kwamba mtoto mwenye akili ya namna ile hakustahili kuishia kwenye mafunzo ya uani tu, akamwendea mwalimu wa skuli ya kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee Louis pamoja na watoto wengine.

Leo tungeliita jambo hilo elimu mjumuisho. Wakati ule halikuwa na jina, na haikuwepo sheria yoyote iliyomlazimisha mwalimu. Mtoto asiyeona wa familia ya kawaida kwa kawaida aliishia kuwa ombaomba. Bécheret angeweza kujitetea kwamba darasa lake lina watoto wengi, kwamba hajafundishwa kazi hiyo, kwamba hana vifaa. Kila moja ya hoja hizo ingekuwa ya kweli. Alimpokea. Inasimuliwa kwamba mtoto mwenzake wa kijiji alimshika mkono kila asubuhi kwenda naye skuli.

Louis alikaa darasani akisikiliza. Alichosikia alikihifadhi, na akaonekana kuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Hapo tunakumbuka vyuo vya Kurani vya hapa Pemba, ambako ndugu zetu Waislamu kwa vizazi vingi wameiheshimu elimu inayoingia kwa masikio na kukaa moyoni, na ambako mtoto asiyeona anaweza kuhifadhi sawa na wenzake. Jamii zetu zinajua kwamba kutokuona si kukosa akili.

Lakini ni lazima tuseme pia kile ambacho skuli ya Coupvray haikuweza kumpa. Wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu. Walipoandika, alisubiri. Alikuwa ndani ya darasa, akipendwa na kuheshimiwa, na bado mlango mmoja ulibaki umefungwa. Kumkalisha mtoto mwenye ulemavu pamoja na wengine ni hatua ya lazima. Asipopewa njia ya kusoma na kuandika, hatua hiyo huishia katikati.

Safari ya Paris

Padre Palluy na mwalimu walipata habari kwamba Paris kulikuwa na skuli ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780. Kwa msaada wa mkuu mmoja wa eneo lile, Louis alipatiwa nafasi na ufadhili. Tarehe 15 Februari 1819, akiwa na miaka 10, alisafiri na baba yake hadi Paris akakabidhiwa.

Jengo la skuli lilikuwa kuukuu, lenye giza na unyevu, na afya za wanafunzi ziliteseka humo. Lilikuwa na historia yake ndani ya Kanisa. Mahali hapo ndipo Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alipoanzisha shirika lake la wamisionari mwaka 1625, na mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mapadre wengi waliofungwa humo waliuawa kwa ajili ya imani. Katika nyumba hiyo ya maskini na mashahidi, mtoto wa Coupvray aliishi karibu miaka 25, kwanza mwanafunzi, kisha mwalimu.

Vitabu vilikuwepo, lakini vichache. Haüy alikuwa amebuni njia ya kuzichapa herufi za kawaida kwa kuzinyanyua juu ya karatasi nzito. Kila herufi ilikuwa kubwa, kila kitabu kilikuwa kizito mno, na kusoma kwa kufuata umbo la kila herufi kulikuwa kazi ya polepole na ya kuchosha. Zaidi ya hayo, msomaji hakuweza kuandika. Maandishi yale yalibuniwa na wanaoona kwa kufuata macho yao, kidole hakikuulizwa.

Nukta sita

Mwaka 1821 skuli ililetewa mfumo mwingine. Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizonyanyuka, yanayotobolewa kwa kalamu ya chuma. Wanafunzi walivutiwa, maana kidole hutambua nukta upesi kuliko mistari. Lakini alama moja iliweza kufikia nukta 12, nyingi kupita upana wa ncha ya kidole, na ziliwakilisha sauti badala ya herufi, hivyo mtu hakuweza kujifunza tahajia wala kuweka vituo vya maandishi.

Louis alikuwa na miaka 12. Tangu hapo alianza kuuboresha mfumo huo, usiku baada ya masomo na hata wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amelipata jibu. Alipunguza nukta hadi 6, zilizopangwa katika safu mbili za nukta tatu tatu. Kidole kimoja huzigusa zote kwa pamoja bila kusogea juu wala chini. Kwa kubadilisha nukta zipi zinyanyuliwe, zinapatikana alama 63, zinazotosha kwa herufi, vituo, tarakimu na hata noti za muziki. Kitabu chake cha kwanza cha kuueleza mfumo huo kilichapishwa mwaka 1829, na toleo lililoboreshwa likafuata mwaka 1837.

Kalamu ya chuma inayotumika kuzitoboa nukta hizo inafanana sana na chombo kilichomchoma jicho karakanani. Mkono uliojeruhiwa kwa ncha kali ulijifunza kuandika kwa ncha kali.

Katika Kiswahili tunayaita maandishi haya nukta nundu. Kwa kuwa lugha yetu huandikwa kwa herufi zile zile za Kilatini, na husomwa kama inavyoandikwa, mtoto anayezijua alama za herufi anaweza kuisoma Biblia, kitabu cha hesabu au barua kutoka kwa dada yake aliye ng'ambo.

Mwalimu, mpiga kinanda, rafiki wa maskini

Louis hakuondoka skulini alipomaliza masomo. Alianza kuwafundisha wadogo zake akiwa angali kijana, na mwaka 1833 akawekwa rasmi kuwa mwalimu. Alifundisha sarufi, historia, jiografia, hesabu na muziki. Alipiga kinanda katika makanisa ya Paris, likiwemo la Saint-Nicolas-des-Champs, na waliomfahamu walimshuhudia kuwa mtu mpole, mwenye sala, asiyependa kujitangaza. Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini aliwakopesha wenzake na kuwasaidia wanafunzi maskini. Karibu na kufa kwake aliagiza kisanduku kimoja kichomwe moto bila kufunguliwa. Waliokifungua walikuta humo hati za madeni ambayo hakutaka kuyadai.

Jambo moja katika miaka hiyo linatugusa kwa namna ya pekee. Nukta nundu ziliwawezesha wasioona kuandikiana wao kwa wao. Lakini wanafunzi wengi walikuwa na wazazi vijijini wasiozijua nukta hizo. Barua ya mtoto kwa mama ilipaswa kuandikwa na mtu mwingine, na siri za moyo zikapita katika masikio ya mgeni. Mwaka 1839 Braille alichapisha njia nyingine, ambayo kwayo asiyeona aliweza kuziunda kwa nukta herufi za kawaida zinazosomwa na yeyote. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, alitengeneza mashine ya kuharakisha kazi hiyo. Braille alikuwa tayari amepata sifa kwa ajili ya nukta sita, lakini alirudi kushughulikia kile kilichomtenga mtoto na nyumba yake. Alijua kwa uzoefu wake kwamba skuli haiwezi kuchukua nafasi ya familia.

Kipindi cha majaribu

Mfumo wake haukupokelewa mara moja. Waalimu wengi wanaoona waliona kwamba maandishi yasiyofanana na yao yangewatenga wasioona na jamii. Hoja hiyo ilisikika kuwa nzuri, lakini matokeo yake yalikuwa kuwanyima wanafunzi njia pekee iliyowafaa. Mkurugenzi mpya aliyeingia mwaka 1840 alizuia matumizi ya nukta hizo. Wanafunzi waliendelea kuzitumia kwa siri, wakifundishana.

Baadaye msaidizi wa mkurugenzi, Joseph Guadet, aliona manufaa yake akamshawishi mkuu wake kubadili mawazo. Tarehe 22 Februari 1844, skuli ilipozindua jengo jipya, mfumo wa Braille ulielezwa na kuonyeshwa hadharani. Tangu hapo haukurudi nyuma. Hapa wazazi na walimu tunaonywa kwa upole: usawa wa kweli haudai kila mtoto ajifunze kwa njia ile ile. Asiyeona anahitaji nukta, kiziwi anahitaji lugha ya alama, anayechelewa kuelewa anahitaji muda na maneno machache.

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kikimla. Dalili zilimwanza alipokuwa na miaka 26 hivi. Mara kadhaa alirudi Coupvray kupumzika, katika nyumba ile ile ya utoto wake, na kila alipopata nguvu alirudi darasani. Mwezi Desemba 1851 alitokwa na damu nyingi. Alipokea Sakramenti kwa ibada kubwa, akayapanga mambo yake, akawaaga rafiki zake. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, Sherehe ya Tokeo la Bwana, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Alizikwa katika kijiji chake.

Hakuishi kuuona ushindi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, mfumo wake ulikubaliwa rasmi nchini Ufaransa, na mwaka 1878 mkutano wa kimataifa mjini Paris uliupendekeza kwa ajili ya elimu ya wasioona. Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishiwa Panthéon, mahali ambapo Ufaransa huwaheshimu watu wake wakuu. Lakini mikono yake iliachwa Coupvray, karibu na wazazi wake.

Neno kwa familia za Vitongoji na Pemba yote

Katika Tanzania, milango ya elimu kwa watoto wenye ulemavu ilifunguliwa kwanza na Makanisa. Waanglikana walianzisha skuli ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki likaanzisha skuli ya viziwi Tabora mwaka 1963. Zanzibar nayo, katika Sera ya Elimu ya mwaka 2006, ilikubali elimu mjumuisho, na mwaka huo huo ikapata sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mzazi wa Pemba anayemshika mkono mtoto wake hadi mlango wa skuli haendi kuomba fadhila. Anafuata haki ambayo mzazi wa Coupvray hakuwa nayo.

Sheria, hata hivyo, haiwezi kuingia chumba cha ndani na kumtoa mtoto aliyefichwa. Kazi hiyo ni ya baba, mama, bibi na babu. Wapo wanaoficha kwa aibu, na wapo wanaoficha kwa upendo, wakihofia mtoto atachekwa, atapotea njiani, au ataonewa. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini mtoto anayefichwa leo ataamka akiwa mtu mzima, na wazazi waliomlinda hawatakuwepo. Ulinzi wa kudumu ni yale atakayokuwa ameyajua na watu watakaokuwa wamemzoea.

Tunaona basi mambo machache ambayo kila familia inaweza kuanza nayo. Mtoto akiumia jicho, au akionekana haoni au hasikii vizuri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kujaribu dawa za kuambiwa. Louis hakuwa na bahati hiyo. Vitongoji kuna hospitali, na watoto wetu wanayo. Mtoto mwenye ulemavu apewe kazi za nyumbani kwa kadiri ya uwezo wake: asuke ukili, atenganishe karafuu na vikonyo vyake, ateke maji, amwimbie mdogo wake. Mzazi afike skulini kabla ya muhula kuanza, amweleze mwalimu kile mtoto anachokiweza na kinachomshinda, maana hakuna anayemjua mtoto kama aliyemlea. Ndugu zake na watoto wa jirani wafundishwe kutembea naye, kama yule mtoto wa Coupvray.

Vifaa navyo visitufunge mikono. Nukta sita za Braille zinaweza kufundishwa kwa mashimo sita ya bao na kete zake, au kwa kipande cha trei ya mayai na kokoto. Vitabu na mashine vitahitajika baadaye, na ni wajibu wetu kuvidai na kuvichangia. Lakini baba aliyekuwa na misumari na ubao hakusubiri.

Kwa makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Padre Palluy anatuachia swali la kujiuliza. Tunapohesabu watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, je, tunawahesabu pia wale ambao hatujawahi kuwaona kanisani kwa sababu hakuna anayewaleta? Wakatoliki wa Pemba tu wachache, na tunafahamiana. Nyumba yenye mtoto wa namna hiyo haiwezi kuwa mbali nasi. Na kwa kuwa skuli zetu ni za pamoja, juhudi hii tutaifanya bega kwa bega na majirani zetu Waislamu, ambao nao wanawapenda watoto wao na wana mizigo hiyo hiyo.

Katika Injili ya Marko tunasoma juu ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipokuta mlango umezibwa na watu, walipanda juu, wakafungua dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Bwana aliitazama imani yao wote. Louis Braille naye alibebwa na watu wanne: baba, mama, paroko na mwalimu. Baada ya kubebwa, aliwafungulia dari mamilioni wengine ambao hakuwahi kukutana nao. Skuli zitakapofungua milango mwezi huu, tumwombe Mungu azipe familia zetu mikono ya namna hiyo, na kila mmoja wetu atazame nyumba iliyo jirani naye, aone ni mtoto gani anayesubiri kubebwa.